Mtakatifu Jean-Baptiste de La Salle, rafiki wa watoto wa shule

Jean-Baptiste de La Salle alizaliwa Reims, mji wa Ufaransa, mwaka 1651. Baba yake alikuwa mwamuzi, mtu wa mali na heshima. Mtoto alipopata miaka 15, alipewa cheo cha kanoni katika kanisa kubwa la mji, na cheo hicho kilimletea feza nyingi. Wazazi wake walikufa angali kijana. Basi akaacha masomo yake ya Paris, akarudi kuwalea wadogo zake. Mwaka 1678 akapewa upadri.

Siku zile wana wa matajiri walifundishwa vizuri. Wana wa mafundi na wa vibarua walizunguka njiani. Shule za maskini zilikuwako chache tu, nazo zilikuwa mbaya. Mwalimu alimwita mtoto mmoja mmoja mbele ya kiti chake, na wengine wote walingoja, wakicheza na kupigana. Tena mtoto alianza kusoma kwa Kilatini, lugha asiyoisikia kwa mama yake! Wengi waliondoka kwenda kazini kabla hawajaweza kusoma hata barua.

Mwaka 1679 Adrien Nyel alifika Reims kufungua shule ya wavulana maskini. Padri Jean-Baptiste alimsaidia, akidhani ni kazi ya siku chache. Lakini aliona waalimu wanaishi vibaya, bila mtu wa kuwaongoza. Akawaalika mezani pake. Na mwaka 1681 akawapa makao nyumbani mwake. Jamaa zake wakakasirika sana, kwani waalimu wale walikuwa watu wa chini. Wakawaondoa baadhi ya wadogo zake katika nyumba ile.

Siku moja aliwaonya waalimu wasiogope kesho, bali wamtegemee Mungu. Wakamjibu kwamba kwake yeye ni rahisi: shule zikianguka, yeye atabaki na cheo na mali, wao watabaki na njaa. Neno hilo lilimchoma moyo, maana lilikuwa kweli. Mwaka 1683 aliacha ukanoni. Kisha njaa kali ikaingia Reims, naye akatumia mali yake kuwapa maskini mikate, mpaka akawa maskini kama waalimu wake.

Waalimu hao wakaitwa Mafrere wa Shule za Kikristu. Hawakuwa mapadri, kazi yao ilikuwa kufundisha, bila kudai malipo. Watoto wenye somo moja walikaa pamoja katika kalasi moja, na kitabu kimoja: mmoja akisoma kwa sauti, wenzake wote wanafuata kimya, tayari kuendelea wakiitwa. Nao walianza kwa Kifransa, lugha yao wenyewe, Kilatini kilingoja. Mwalimu alipaswa kumjua kila mtoto, mwenye haya na mkaidi, asimtendee mmoja kama mwingine. Mtoto akikosa kuja, ilitafutwa sababu kwanza. Asubuhi watoto walikula mkate shuleni, na waliokuwa na mkate wa kutosha walitoa sehemu kwa ajili ya wenzao maskini.

Si wote waliofurahi. Katika Paris walikuwako walimu wa kuandika, walioishi kwa malipo ya wanafunzi. Walipoona wanafunzi wanawakimbia, wakamshitaki Padri. Mwaka 1704 vyombo vya shule vilichukuliwa, naye akatozwa faini. Hata rafiki wengine walimwacha. Mwaka uliofuata alipata nyumba Saint-Yon, karibu na Rouen, na huko kazi ikasitawi tena.

Mwisho alimwachia Frere mwingine uongozi, akawa chini ya amri yake kama Frere yeyote. Akafa Saint-Yon, Ijumaa Kuu ya mwaka 1719. Mwaka 1900 Papa Leo XIII alimtangaza Mtakatifu, na mwaka 1950 Papa Pio XII akamweka kuwa msimamizi wa waalimu wote. Mafrere wake walivuka bahari wakafundisha katika nchi nyingi, hata Kongo.