Moore, aliyetafuta bahari ndani ya Ziwa Tanganyika

Maganda ya konokono yanayookotwa ufukweni, Ubwari hadi Kigoma, yalimsumbua sana Mwingereza John Edmund Sharrock Moore. Alifika ziwani 1896, akarudi 1899. Maganda yalifanana na ya baharini, na humo kuna hata konyeza. Katika kitabu chake cha 1903 akadai kwamba bahari ya kale iliwahi kufika hapa.

Alikosea, ingawa swali lake lilikuwa zuri. Ziwa lina umri wa takriban miaka milioni 9 hadi 12 tu, na vinasaba vinaonyesha konokono hao walitokana na jamaa wa maji baridi.

Moore alifariki 1947. Meiosisi, jina alilolitunga na John Farmer 1905 kwa mgawanyiko wa seli za uzazi, bado lafundishwa shuleni.