Adolphe Sax: jina lake liko kwenye kila saksofoni, yeye alikufa na madeni

Tarehe 7 Februari 1894, mjini Paris, alifariki mzee wa miaka 79 ambaye jina lake sisi Wakongo tunalitamka kila mara tunapozungumzia muziki, bila kumfikiria mwenyewe. Adolphe Sax ndiye aliyebuni saksofoni. Bila kazi yake, Jean Serge Essous na Verckys Kiamuanga Mateta wangepuliza kitu kingine, na rumba yetu ingekuwa na sauti nyingine. Alikufa maskini, huku mafundi wengine wa Paris wakiuza saksofoni bila kumlipa chochote.

Mtu anayeshika leo saksofoni ya zamani iliyotengenezwa Ufaransa anaweza kusoma sehemu ya maisha hayo kwenye chombo chenyewe, mradi ajue pa kutazama.

Sax alizaliwa tarehe 6 Novemba 1814 huko Dinant, mji mdogo kando ya mto Meuse, katika nchi inayoitwa leo Ubelgiji. Baba yake, Charles-Joseph, alikuwa fundi wa vyombo vya muziki, na familia ilihamia Brussels mtoto akiwa bado mdogo. Utoto wake ulikuwa wa hatari tupu. Inasimuliwa kwamba alianguka kwenye ngazi akapasuka kichwa, akameza sindano, akanywa asidi akidhani ni kinywaji, akaunguzwa na baruti, na siku moja akaokolewa mtoni akiwa karibu kufa. Majirani walimchukulia kama mtoto ambaye hatakua.

Alikua. Alijifunza klarineti Brussels, na mwaka 1838 alipata hati ya uvumbuzi kwa kurekebisha klarineti ya besi. Mwaka 1841, kwenye maonyesho ya viwanda mjini Brussels, alinyimwa medali ya dhahabu kwa sababu eti alikuwa kijana mno. Mwaka uliofuata akahamia Paris, mfukoni akiwa karibu hana kitu. Huko alimpata rafiki mmoja wa maana, mtunzi Hector Berlioz. Mwezi Juni 1842 Berlioz aliandika gazetini kuhusu chombo kipya cha kijana huyo: bomba la madini linalopanuka kuelekea chini, lenye kipande cha mwanzi mdomoni kama klarineti.

Siku iliyobadilisha maisha yake ni tarehe 22 Aprili 1845. Muziki wa jeshi la Ufaransa ulikuwa umedorora, na serikali ikakubali mashindano ya wazi kwenye uwanja wa Champ de Mars. Upande mmoja ulikuwepo mtindo wa zamani, chini ya Michele Carafa, mkuu wa shule ya muziki wa kijeshi. Upande wa pili ulikuwa wa Sax na vyombo vyake vya familia ya saxhorn. Baadhi ya wanamuziki wa Sax hawakutokea, na wengi waliamini kwamba wapinzani ndio waliowashawishi. Alipiga na wachache aliobaki nao. Maelfu ya watu waliokuwa pale walimshangilia, na jeshi likachukua mpango wake.

Kwa mafundi wa Paris, hiyo ilikuwa njaa iliyotangazwa. Soko la jeshi lilikuwa mkate wao, na sasa linakwenda kwa mgeni. Wakaungana, wakampeleka tribinali. Mara walidai saksofoni si kitu kipya, mara walidai haifai kwa muziki. Sax alipata hati ya uvumbuzi wa saksofoni tarehe 22 Juni 1846, kwa miaka 15, na mwaka 1860 ikaongezwa miaka mitano. Kesi ziliendelea miaka mingi. Nyingi alishinda, lakini mawakili hula pesa hata kwa mshindi. Mwaka 1852 alifilisika. Baada ya hapo kansa ilimshika mdomoni, jambo la kutisha kwa mtu anayeishi kwa kupuliza, ila akapona.

Hapa ndipo maandishi yaliyochongwa kwenye mdomo mpana wa saksofoni yanapoanza kusema. Neno la Kifaransa „Breveté” linahusu hati ile. Mwaka 1854 Sax aliteuliwa kuwa mtengenezaji wa vyombo wa kikosi cha nyumba ya mfalme mkuu Napoléon III, naye akaanza kuchonga cheo hicho chini ya jina lake. Ukiona neno „Empereur”, basi chombo kimetengenezwa kati ya 1854 na 1870, kwani mwaka huo ufalme ulianguka. Ukikuta saksofoni yenye jina la Buffet-Crampon, Gautrot au Millereau, kwa kawaida ni ya baada ya 1866, hati ilipokwisha na kila fundi akawa huru kutengeneza.

Maandishi hayatoshi, kwa sababu yanaweza kufutwa au kughushiwa. Tazama na vibonyezo. Saksofoni za Sax zina vibonyezo viwili tofauti vya kupandisha oktava, na noti ya chini kabisa ni si, bila si bemoli ya chini iliyoongezwa baadaye. Kisha ipige pamoja na kinanda. Ufaransa iliweka la kwenye 435 mwaka 1859, wakati la ya leo ni 440. Chombo cha zamani kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisipatane na okestra yako. Hilo halipunguzi thamani yake kwa mkusanyaji, ila kwa mpigaji linaipunguza sana. Na usimpe fundi akisugue king'ae! Akiondoa maandishi na namba, ameondoa sehemu kubwa ya bei.

Sax alifundisha saksofoni katika Conservatoire ya Paris tangu 1857 hadi 1870, vita ilipofunga darasa. Alifilisika tena 1873, na tena 1877. Safari hiyo mkusanyiko wake wa vyombo 467 kutoka nchi mbalimbali uliuzwa kwa mnada. Amezikwa kwenye makaburi ya Montmartre.

Mtoto wake aliendeleza atelye, na mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Henri Selmer ikainunua. Kwa hiyo saksofoni yenye majina yote mawili, Sax na Selmer, haikupita mikononi mwa mzee mwenyewe, hata muuzaji akiapa vipi. Inaweza kupiga vizuri, lakini isilipiwe bei ya chombo cha 1860. Wanaotafuta Selmer ya kupiga kila wiki huulizia zaidi ile ya Mark VI, iliyotoka 1954.

Ubelgiji nao ulimkumbuka, kwa kuchelewa. Katika miaka ya 1990 uliweka sura ya mtu huyu wa madeni kwenye noti ya franka 200, ambayo ilitumika mpaka euro ilipoingia.