James Naismith: Mchungaji wa Uwanjani

Hapa Moshi, chini ya Mawenzi, ukitaka kukutana na vijana Jumamosi jioni, usiwangoje kanisani. Nenda uwanjani, palipo na ringi mbili na mpira mmoja. Ndiyo maana leo tunamkumbuka James Naismith. Hakuwa Mkatoliki, lakini maisha yake yana la kutufundisha sisi tulio katika malezi ya upadre.

Alizaliwa Kanada tarehe 6 Novemba 1861. Mwaka 1870 homa ya matumbo iliwaua baba na mama yake, akalelewa na mjomba. Aliacha shule, akafanya kazi ya kukata magogo msituni. Baada ya miaka kadhaa alirudi darasani akiwa mkubwa kuliko wenzake. Akasoma Chuo Kikuu cha McGill, kisha teolojia katika chuo cha Wapresbiteri, Montreal.

Wengi walitegemea apande mimbarini. Yeye aliona kwamba kijana asiyesikiliza mahubiri humsikiliza anayecheza naye. Akaenda kufundisha Springfield, Marekani, katika chuo cha YMCA. Uamuzi huo haukumpendeza dada yake, lakini hakurudi nyuma.

Desemba 1891 alipewa siku 14 kubuni mchezo wa ndani kwa ajili ya majira ya baridi. Alipigilia vikapu viwili vya matunda juu kwenye ukingo wa roshani, akaandika sheria 13. Alikataza kukimbia na mpira mkononi, kusukumana na kupigana. Goli aliliweka juu ya vichwa ili ustadi ushinde ubabe. Hivyo ukazaliwa mpira wa kikapu.

Mwaka 1898 alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akaongoza sala na mazoezi ya wanafunzi. Kama kocha, timu yake ilifungwa mara nyingi kuliko ilivyoshinda. Lakini mwaka 1933 alifika hapo kijana mweusi, John McLendon, ambaye ubaguzi wa rangi ulimnyima nafasi katika timu ya chuo. Naismith, mzee wa zaidi ya miaka 70, alimpokea kama mwanawe, akamfundisha ukocha. McLendon alikuja kutwaa ubingwa wa vyuo wa NAIA mara tatu mfululizo, 1957 hadi 1959. Mwalimu wake hakuyaona hayo, kwani alifariki tarehe 28 Novemba 1939.

Mtakatifu Yohane Bosko naye alikuwa amewakusanya vijana maskini wa Torino kwa sala na michezo. Basi tujiulize: kijana aliyeacha shule, anayeshinda stendi akibeba mizigo, atatujua sisi kwa lipi? Pengine hatakuja kwetu kwanza. Twende sisi, tucheze naye, tumjue kwa jina. Akituamini uwanjani, siku moja atatuuliza tunasali kwa nani.