Luciano Murrieta: mtu aliyeipa divai muda

Zamani divai nyekundu ya Rioja, kule Uhispania, ilikuwa inaharibika mu njia. Mkulima alipaswa kuiuza haraka, tena karibu. Luciano Murrieta njo mmoja wa wale waliobadilisha hali hiyo.

Alizaliwa Peru mwaka 1822, akakuwa askari. Mkubwa wake, Jenerali Espartero, alipoangushwa mwaka 1843, Murrieta alimfuata uhamishoni London. Baadaye alijifunza kazi ya divai Bordeaux, Ufaransa. Mwaka 1852, mu muji wa Logroño, akatengeneza divai yake ya kwanza, akaituma ng'ambo ya bahari mpaka Cuba.

Siri yenyewe ni pipa na uvumilivu. Mbao za mti mgumu wa mwaloni zinapitisha hewa kidogo sana. Mwaka kwa mwaka ule ukali unaokausha ulimi unapungua, wekundu unafanana na tofali, na harufu ya vanila inaingia.

Murrieta alifariki mwaka 1911. Lakini kwenye shamba lake la Ygay, divai ingali inalala mu mapipa, bila haraka.