Elijah McCoy, mtoto wa watumwa aliyefundisha mashini kujipaka mafuta

Mafundi wetu wa garaji, mbele ya kumwaga mafuta ndani ya moteri, wanaangalia kwanza namba iliyoandikwa kwenye bidoni: 40, ao 20W-50. Namba hiyo haionyeshi kilo wala litre. Inaonyesha kama mafuta ni mazito yenye kutiririka polepole, ao ni mepesi yenye kukimbia kama maji. Watu wa fizikia wanaita jambo hilo mnato. Leo tunawaletea maisha ya mtu aliyeshindana na mnato wa mafuta kwa zaidi ya miaka 40, ijapokuwa watu walimkatalia kazi aliyoisomea. Mtu huyo njo Elijah McCoy.

McCoy alizaliwa tarehe 2 Mei 1844 huko Colchester, katika jimbo la Ontario, inchi ya Kanada. Wazazi wake, George na Mildred, walikuwa watumwa huko Kentucky, Marekani. Walitoroka kwa njia za siri, wakisaidiwa na watu waliochukia utumwa, mpaka wakavuka mupaka. Kanada ilikuwa chini ya Waingereza, na utumwa ulikuwa umekwisha kukatazwa kule. Lakini Marekani, utumwa uliendelea mpaka 1865.

Kijana Elijah alipenda vyuma. Alipokuwa na miaka 15, wazazi wake walimtuma ngambo ya bahari, huko Edinburgh, Uskoti, ili ajifunze kazi ya mashini. Kwa mtoto wa watu waliotoroka utumwa, hiyo haikuwa safari ndogo. Alimaliza mafunzo yake, kisha akarudi kwa familia yake, iliyokuwa sasa ikiishi katika muji wa Ypsilanti, jimbo la Michigan.

Alienda kuomba kazi ya injenieri. Lakini injenieri mweusi, wakati ule, hakuna aliyemtaka. Kazi aliyopata kwenye kampuni ya treni ya Michigan Central ilikuwa ya kutia makaa ya mawe ndani ya moto na kupaka mashini mafuta. Yaani mtu aliyesomea kutengeneza mashini alipewa lipao na kikopo cha mafuta.

Kumbe, kikopo hicho njo kilimwonyesha tatizo ambalo wakubwa ndani ya biro hawakuliona kwa karibu. Treni ya mvuke ina vyuma vingi vinavyosuguana: pistoni ndani ya silinda, valvu, na vyuma vya magurudumu. Chuma kikisuguana na chuma kikavu, kinapata moto, kinakwaruzika, mwisho kinakwama. Mafuta yanaingia kati kati na kuvitenganisha. Lakini mara nyingi kazi ya kuyatia ilifanywa kwa mkono, na mashini ilipashwa kusimama kwanza. Kila mara mashini inaposimama, muda na feza vinapotea.

Na tena, si mafuta yote yanaweza kazi yote. Muangalie mawese nyumbani. Asubuhi yenye baridi yanaganda, hata kutoka ndani ya chupa yanakataa. Ukiyaweka kwenye moto, yanakuwa mepesi na kukimbia. Mafuta ya mashini ni vile vile. Yakiwa mazito sana, hayafiki kwenye nafasi nyembamba, na mashini inatumia nguvu nyingi kuyasukuma. Yakiwa mepesi sana, yanakimbia pembeni na chuma kinagusana na chuma. Ndani ya silinda ya mvuke, mambo ni magumu zaidi: kuna moto wa kupita digri 150, na mvuke wenyewe unasafisha mafuta na kuyapeleka inje. Kwa hiyo kumwaga mengi mara moja hakusaidii. Inaomba kidogo kidogo, bila kukoma.

Tarehe 23 Julai 1872, McCoy alipata hati ya serkali ya Marekani kwa chombo chake cha kutia mafuta kwenye mashini za mvuke. Kilikuwa kikopo chenye valvu, kilichofungwa kwenye mashini. Nguvu ya mvuke yenyewe njo ilifungua valvu, na mafuta yakashuka ndani ya silinda wakati mashini inaendelea kutembea. Tuseme ukweli: hakuwa wa kwanza duniani. Wengine, hasa Uingereza, walikuwa wamejaribu vyombo vya namna hiyo mbele yake. Lakini yeye hakuacha. Aliendelea kurekebisha chombo chake mwaka kwa mwaka, na kampuni za treni na za meli zikakitumia.

Wakati huo huo, wataalamu wa Uingereza walikuwa wanatafuta kujua mafuta yanafanya kazi namna gani. Mwaka 1883, Beauchamp Tower aliona kwamba mafuta yaliyo kati ya chuma chenye kuzunguka na chuma kinachokishika yanakuwa na nguvu sana, hata yakasukuma inje kizibo cha tundu. Mwaka 1886, Osborne Reynolds alieleza sababu kwa hesabu: juu ya mnato wake, mafuta yanavutwa na chuma chenye kuzunguka, yanaingia kwenye nafasi nyembamba, na yanakinyanyua chuma. Kama mafuta hayana mnato wa kutosha, hakuna kunyanyua. Lile ambalo McCoy alilipigania kwa mikono, sasa lilikuwa na hesabu yake.

McCoy alihamia Detroit mwaka 1882. Kwa maisha yake yote alipata hati zaidi ya 50, nyingi kwa ajili ya kutia mafuta, lakini pia moja ya meza ya kupigia pasi. Kisha treni zikageuka: zikaanza kutumia mvuke wa moto zaidi, wa kupita digri 300. Hapo mafuta ya kawaida yanalegea kabisa ao yanaungua. Dawa moja ilikuwa kuchanganya mafuta na unga wa grafiti, ile nyeusi iliyo ndani ya kreyo. Shida ni kwamba unga huo uliziba njia za mafuta. Mwaka 1915, McCoy alikuwa na miaka kupita 70, na alipata hati ya chombo cha kutia mafuta yenye grafiti bila kuziba.

Feza je? Hakuwa na mtaji wa kufungua kiwanda, kwa hiyo mara nyingi aliuza haki za uvumbuzi wake, na wengine wakatajirika. Ni mwaka 1920 tu ambapo kampuni yenye jina lake ilianza Detroit. Wengi wanasema kwamba usemi wa Kiingereza unaomtaja McCoy wa kweli, kwa maana ya kitu cha asili kisichoigwa, ulitoka kwake. Lakini Waskoti walikuwa na usemi wa kufanana mbele ya chombo chake.

Mwaka 1922, yeye na bibi yake Mary walipata aksida ya gari. Mary hakupona, na McCoy mwenyewe alizidi kuzoofika. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1929, akiwa na miaka 85, ndani ya nyumba ya kutunzia wagonjwa maskini. Heshima ilikuja nyuma: mwaka 2001 aliingizwa katika orodha ya wavumbuzi wakubwa wa Marekani, na mwaka 2012 biro ya serkali ya hati za uvumbuzi huko Detroit ikapewa jina lake.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, fundi akikuambia usitie mafuta yoyote tu juu ya bei ni nafuu, umsikilize. Kwenye 20W-50, namba ya kwanza inaeleza mafuta wakati wa baridi, na ya pili wakati moteri imepata moto. Na kijana wa garaji mwenye nguo chafu, umuulize anaona nini kila siku. Pengine ameona tayari jambo ambalo wakubwa hawajaliona.