Daniel Fahrenheit na Maji Yasiyoganda

Katika Makuyuni, Wilaya ya Korogwe, maji yaliyoachwa nje usiku kucha hayagandi. Ili tupate barafu, yatupasa kuyatia katika jokofu. Lakini katika nchi za baridi kali hata mito huganda. Je, maji huanza kuganda yakifikia baridi ya kiasi gani? Daniel Gabriel Fahrenheit alilichunguza swali hili kwa chombo alichokiunda mwenyewe.

Fahrenheit alizaliwa mwaka 1686 katika mji wa Danzig, ambao sasa huitwa Gdańsk. Alipokuwa na umri wa miaka 15, wazazi wake wote wawili walikufa siku moja kwa kula uyoga wenye sumu. Walezi wake walimpeleka Uholanzi kujifunza biashara. Yeye, hata hivyo, alipenda kuunda vyombo vya kupimia. Alikopa fedha kwa kazi hiyo, akashindwa kulipa, na walezi wakataka akamatwe. Alihama mji hata mji, akijifunza kwa mafundi na wataalamu.

Zamani zile vipimajoto viwili vilivyowekwa mahali pamoja havikupatana. Fahrenheit alisafisha zebaki, akaitia katika mrija mwembamba wa kioo. Kisha aliuweka mrija katika maji yaliyochanganywa na barafu. Zebaki ilipotulia, alitia alama ya nyuzi 32. Vipimajoto vyake vilipatana.

Mwaka 1721 alitia maji ya mvua katika tufe la kioo, akatoa hewa, akaliziba, akaliacha kwenye baridi ya nyuzi 15. Asubuhi maji yalikuwa hayajaganda! Alipovunja ncha ya kioo, hewa iliingia na barafu ikatokea ghafula. Alidhani hewa ndiyo sababu. Baadaye alijikwaa akiwa amebeba chombo cha namna hiyo. Maji yakatikisika, yakaganda papo hapo. Hivyo aliyasahihisha mawazo yake.

Fahrenheit alifariki mwaka 1736. Kipimo chake bado hutumika Marekani. Sisi hutumia kipimo cha Selsiasi, ambacho nyuzi 0 zake ni sawa na nyuzi 32 za Fahrenheit.

Uchunguzi haukuishia hapo. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa. Wataalamu wangali wanalijadili jambo hilo.

Maswali
1. Kwa nini vipimajoto vya zamani havikufaa?
2. Kujikwaa kulimfundisha nini Fahrenheit?
3. Pima jotoridi la maji yenye vipande vya barafu. Umepata nyuzi ngapi?