Insha ya Mwanachuo Kambarage

Atokaye Mwanza akapita Kisesa na Magu, akaifuata barabara ya Musoma, hufika katika nchi ya Wazanaki. Huko Butiama ndiko alikozaliwa Kambarage Nyerere mwaka 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu mwenye wake 22. Mama yake, Mgaya wa Nyang'ombe, alikuwa mke wa tano. Kambarage hakuingia darasani mpaka mwaka 1934, alipopelekwa Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12. Baadaye alisoma Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Huko Makerere alikisoma kitabu cha mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, juu ya kutiishwa kwa wanawake, kilichotolewa mwaka 1869. Mill aliichunguza akili ya binadamu kabla saikolojia haijawa somo la pekee vyuoni. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna awezaye kudai kuyajua maumbile ya mwanamke maadamu wanawake wamelelewa kwa kubanwa. Yale yaonekanayo kuwa maumbile huenda ni matokeo ya malezi.

Kambarage hakuinakili hoja hiyo. Aliipima kwa maisha ya makabila aliyoyafahamu, naye alikuwa amekulia katika mji wa wake wengi na kuziona kazi zao. Insha aliyoiandika ilimpatia zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi.

Baada ya Makerere alifundisha Tabora, akasoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, kisha akafundisha Pugu. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu ili aiongoze TANU, na Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1967 alitoa maandishi ya Elimu ya Kujitegemea. Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Jina la Mwalimu halikumtoka.

Ndugu mwanachuo, katika insha ile mna mafunzo mawili. La kwanza, zoezi la kuandika huzaa matunda pale mwanafunzi anapotakiwa kuyapima ayasomayo kwa ayaonayo nyumbani kwao. La pili ni zito zaidi. Msichana akaaye kimya nyuma ya darasa, aliyeamka alfajiri kuteka maji, asihukumiwe upesi kuwa ni mzito wa akili. Kimya chake huenda ni zao la malezi, na mwalimu naye ni mlezi.

Kwa hiyo, uendapo kwenye mazoezi ya kufundisha, hesabu kwa juma moja maswali unayowauliza wavulana na yale unayowauliza wasichana. Linganisha hesabu hizo mbili kabla ya kuandika lolote juu ya uwezo wa mtoto.